Mkono wa Hezekiah

Kila asubuhi Kogo Chepkemboi alimfunga mjukuu wake vifungo vya shati, akianza na cha kola na kuteremka hadi cha kitovuni. Kipngeno alisimama wima kama askari wa gwaride, kidevu juu, mkono wa kushoto umekunjwa kifuani na ngumi imekaza chini ya koo. Kazi hiyo Kogo, kama Wakipsigis wanavyomwita bibi, hakumwachia mtu. Chemutai, mama mzazi wa mtoto, alipokuja Jumapili kutoka Sotik alikofanya kazi ya saluni, akithubutu kugusa hata kifungo kimoja alisukumwa kando kwa nyonga.

"Wacha hiyo. Wewe hujui mkono yake inapita wapi."

Kogo alijua. Alikuwa akifunga vifungo vya namna hiyo tangu alipokuwa bibi harusi.

Tuseme ukweli mapema: Chepkemboi alimpenda mumewe kupita kiasi. Wanawake wa rika lake huko Roret hawana desturi ya kusema mambo kama hayo. Ukimwuliza mmoja wao habari za mzee wake, atakueleza habari za ng'ombe. Lakini Chepkemboi alimpenda Hezekiah Kimeli akiwa kijana mwenye mkono mmoja tu wa kazi, baada ya trekta la kubeba majani ya chai kupinduka mtaroni na kumponda mkono wa kushoto. Mfupa uliungwa ovyo, mkono ukakauka umekunjwa kifuani. Watu walimwendea baba yake Chepkemboi wakamshauri asimtupe binti yake kwa kilema. Kilema huyo alikamua ng'ombe kwa mkono mmoja, akachuma chai kwa mkono mmoja, na akawaacha nyuma wanaume kadhaa waliokuwa na mikono miwili na midomo kumi. Kilichomshinda ni vifungo tu. Basi kila asubuhi ya ndoa yao, kabla ya chai na kabla ya maombi, alimsimamia mkewe kidevu juu, naye akamfunga. Hawakuwa watu wa kushikana mikono njiani wala kuitana majina matamu. Mapenzi yao yote waliyamaliza pale kwenye shati.

Kisha Hezekiah alikufa kwa homa ya mapafu wakati wa mvua kubwa. Wakamzika nyuma ya nyumba, pale michai inapoanzia. Chemutai, kitinda mimba wao, wakati huo alikuwa mjamzito, na kijana aliyehusika alikuwa amebadilisha laini ya simu. Mtoto akazaliwa kabla udongo wa kaburi haujashikana.

Hapo ndipo kosa lilipoingia, tena liliingia kwa mlango wa jikoni limefunga kitambaa cha kanisa kichwani. Mtoto wa Kipsigis akizaliwa, akina mama wazee humwitia majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, ugoro ukisogezwa karibu na pua yake. Jina atakalolipigia chafya, huyo ndiye aliyerudi. Mchungaji hapendi kusikia mambo hayo, kwa hiyo haambiwi. Akina mama watatu wazee, wote wanakwaya, walikaa karibu na moto wakaita jina la kwanza, mtoto kimya. Wakaita la pili, mtoto akapiga mwayo. Walipoita "Kimeli!" mtoto alipiga chafya mpaka kichwa kikatikisika. Kama ni ugoro uliozidi wakati huo, hakuna aliyeuliza. Vigelegele vilisikika hadi ng'ambo ya mto, na Chepkemboi akaangua kilio cha furaha, akamkumbatia mtoto, akamwita mzee wangu.

Miezi ikapita, mkono wa kulia wa mtoto ukaanza kunyakua vitu, vikombe, leso, masikio ya paka. Wa kushoto ukabaki kifuani, ngumi imefumbwa. Bibi mwingine yeyote angeingiwa na hofu. Kogo Chepkemboi aliimba.

"Si mnaona sasa! Amekuja na mkono wake!"

Chemutai alikuwa msichana aliyetoka shule juzi, na mamake akisema jambo lilikuwa limesemwa. Siku za kliniki ya kupima uzito Kogo mwenyewe ndiye aliyembeba mtoto, upande wa kushoto ameuviringisha ndani ya shali, watu wa sindano wasije wakaanza kuchokonoachokonoa mkono wa mzee. Nesi alipima, akaita mwingine. Nesi hana lawama hapo. Kogo alikuwa hodari wa kuficha, na foleni ilikuwa ndefu.

Na mtoto alipofika umri wa kuuliza kwa nini mkono wake haufanyi kama mikono ya wenzake, Kogo aliifunika ile ngumi kwa viganja vyake viwili vilivyokakamaa kwa kuchuma chai, akamwambia kwa sauti ya chini, "Babu yako yuko hapa. Wewe umemshika. Ndiyo maana haifunguki." Mtoto aliitazama ngumi yake kwa heshima kubwa, wala hakuuliza tena.

Wakakaa hivyo kwa raha zao, mpaka shule ilipoingilia kati.

Darasani karatasi ya Kipngeno ilikimbia. Akiandika kwa mkono wa kulia, hakuwa na wa kushoto wa kuishikilia, basi ikateleza juu ya dawati na herufi zikapanda mlima. Hayo yalivumilika. Yasiyovumilika yalikuwa ya chooni. Kifungo cha kaptura hakikufunguka kwa mkono mmoja wenye haraka, na mara nyingi alirudi darasani amelowa, watoto wakiziba pua na kucheka. Mwalimu Valary alikuwa na huruma, lakini huruma yake aliigawia darasa zima, na darasa lilijaa hadi mlangoni.

Jumapili moja Chemutai alikuja na ujumbe. Alingoja mtoto atoke nje kufukuza kuku.

"Mama, shule wamesema kama hawezi kujisaidia mwenyewe choo, hiyo Januari hawatamchukua Gredi Wani. Wamesema kuna shule ya bweni ya watoto walemavu. Ni mbali. Wanarudi likizo tu."

"Bweni? Huyu mtoto mdogo hivi? Nani atamfunga vifungo?"

"Ndiyo nataka twende Litein. Kuna daktari ya mazoezi ya watoto."

"Mkono ya mzee wangu si mgonjwa."

Chemutai hakuwahi kumpandishia mamake sauti maishani. Siku hiyo alisimama kutoka kwenye kigoda.

"Mama, mzee alipondwa na trekta! Huyu mtoto alipondwa na nini?"

Kogo aliufunika moto majivu ingawa chai ilikuwa haijaiva. Alikubali kwenda Litein, lakini msidhani alikuwa amesadiki. Alichoogopa ni lile neno bweni. Mzee wake alikuwa ameondoka mara moja, na asingemwachilia aende mara ya pili.

Daktari wa mazoezi aliitwa Mellen Mageto, mama mnene mpole, mwenyeji wa upande wa pili wa Sotik, kwa Wakisii. Yeye hakujua Kipsigis na Kogo hakujua Kikisii, basi walikutana kwenye Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa namna ya kwao. Chumba chake kilikuwa na mkeka, mpira mkubwa kama ndama, pembea moja iliyoning'inia darini, na beseni lililojaa mahindi na maharagwe. Alimwachia Kipngeno acheze kwanza. Kisha alimwomba afumbe macho, akapenyeza kijiko chini ya vidole vya ngumi ile ya kushoto.

"Hii ni nini?"

Mtoto akatikisa kichwa. Akamwekea gunzi la mahindi. Hakujua. Akamwekea ufunguo wenye meno. Hakujua pia.

"Mkono haujui umeshika nini," Mellen alimwambia Kogo. "Si kwamba umesahau. Haujafundishwa. Shida haiko kwa mkono, iko huku kichwani, penye mkono hupewa habari. Hata mguu wa upande huo unaburuta kidogo. Labda alikosa hewa kidogo wakati wa kuzaliwa. Mliona lini?"

"Siku ya kwanza," Kogo akasema.

"Siku ya kwanza?"

"Eeh."

Mellen aliendelea kuusugua mkono wa mtoto, dole gumba kwanza, bila haraka.

"Kogo, sitakudanganya. Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto kama huyu angeletwa akiwa bado ananyonya, huu mkono ungejifunza mambo mengi. Saa hii mishipa imejivuta, imekuwa mifupi. Utafunguka kiasi. Wote, hapana."

Kogo Chepkemboi aliangalia dirishani. Nje akina mama wa sokoni walikuwa wakitandaza nyanya kama siku nyingine yoyote. Alijiona amebeba shali, amesimama kwenye foleni ya kliniki, akitabasamu kwa ujanja wake. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wake alikuwa ameketi pale kwenye mkeka, anachezea maharagwe.

Kazi ikaanza. Kila wiki walikwenda Litein. Mellen aliulowesha mkono kwa maji ya vuguvugu na kuunyoosha polepole, akampa mtoto kibao cha plastiki cha kuvaa kitandani. Kisha akauvisha ule mkono wa kulia, ule hodari, soksi nene mpaka kwenye kiwiko, ili wa kushoto ukose wa kumtegea na ulazimike kufanya kazi. Kogo aliichukia soksi ile. Aliona ni sawa na kumfunga mbuzi mguu halafu ukamwambia atembee. Wiki za kwanza soksi ilikuwa ikipotea nyumbani, na ukitaka kujua nani aliipoteza, muulize yule aliyeificha chini ya godoro. Lakini miezi ilivyosogea kuelekea Januari, hofu ya bweni ilimtoa ukaidi. Akaitoa soksi, akachemsha maji, akamkalisha mtoto barazani. Safari hii kwa kweli alijaribu.

Mtoto ndiye aliyekataa. Kila Kogo alipougusa mkono, ngumi ilikaza zaidi, mpaka vifundo vya vidole vikageuka rangi. Alimpa vichipukizi vya chai avichume kwa kidole na dole gumba, akamwahidi mandazi. Hapana. Hakulia wala hakugomba. Alifumba tu, na kumwangalia bibi yake usoni kwa macho ya mtu anayesubiri kusifiwa.

"Nyumbani hafungui," Kogo alikiri kwa Mellen. "Hata kidogo."

Mellen akakunja uso. "Lakini hapa anafungua."

"Hapa wapi? Mimi sijaona."

"Kwa sababu ukiwa ndani anakuangalia wewe, hafanyi kazi. Ndiyo maana siku hizi nakuomba ukae nje. Leo usikae kwa benchi. Simama hapo nje kwa dirisha, lakini asikuone."

Kogo alisimama nje ya dirisha, shali imefunika nusu ya uso. Ndani, Kipngeno alikuwa amekaa na soksi yake mkono wa kulia, na mbele yake shati kuukuu limevishwa mto. Vidole vya kushoto vilikuwa nje. Si vyote vimenyooka, lakini vilikuwa nje, vyembamba, vyeupe kidogo kama mmea uliokua chini ya debe. Kimoja kilikishika kifungo, dole gumba likasukuma. Kifungo kikachungulia kwenye tundu, kikarudi. Mtoto akatoa ulimi. Akasukuma tena. Kikapita.

Kogo alisahau alichoambiwa. Alikimbilia mlangoni akausukuma ule mlango kwa mikono miwili.

"Mzee wangu!"

Ngumi ilijifumba papo hapo, ikaruka kifuani, chini ya koo. Kipngeno alimtazama bibi yake mfano wa mtoto aliyefumaniwa na sukari mdomoni.

Mellen aliwatazama wote wawili. "Kuna kitu anakuficha, Kogo," alisema mwishowe. "Mimi nimeuliza sana, hajanijibu. Muulize wewe."

Alimuuliza jioni hiyo hiyo, mlangoni mwa jiko, wakichambua mboga. Mvua ilikuwa imekatika na michai ilitoa mvuke hadi kule kaburini. Alijitahidi kuuliza kama mtu asiyejali.

"Kwa daktari unafungua mkono. Kwangu kwa nini hufungui?"

Kipngeno alichambua jani moja, akachambua jingine.

"Utanigombeza."

"Sikugombezi."

"Kwa daktari nafungua kidogo tu, ukiwa nje. Halafu nafunga haraka kabla babu hajatoka. Nikifungua yote ataanguka. Na wewe ulisema ni wako."

Mboga zilimtoka Kogo mikononi. Mtoto mdogo namna ile, tangu alipopata akili, alikuwa akimlinda marehemu. Alimlinda chooni akijilowesha, alimlinda darasani wenzake wakimcheka, alilala naye usiku amemfumbata, ili bibi yake asibaki mjane. Na aliyempa zamu hiyo alikuwa yeye. Aibu ilimshika, na nyuma ya aibu ikaja huzuni nzito, maana alijua anachopaswa kusema, na alijua pia kwamba akishasema, Hezekiah atakuwa amekufa kweli.

Angeweza kumwambia babu hataanguka, atahamia mkono wa pili, au moyoni, au mbinguni kwa muda. Maneno ya namna hiyo yalimjaa kinywani, matamu yote. Lakini aliona kila moja lingekuwa mzigo mwingine wa kubebeshwa mtoto. Akainuka, magoti yakilia.

"Njoo."

Walikwenda nyuma ya nyumba. Kaburi lilikuwa limeota nyasi fupi, na msalaba wa mbao umeinama kidogo upande wa michai. Kogo alikaa chini kwenye nyasi mbichi bila kujali sketi yake, akamkalisha mtoto mapajani.

"Babu yako yuko hapa. Tulimweka hapa mimi na watu wa kanisa, na nikaona kwa macho yangu. Hayuko kwa mkono yako. Hajawahi kuwa huko."

"Lakini ulisema."

"Nilisema. Nilikuwa namtaka sana. Hiyo si kazi yako, Kipngeno. Ilikuwa yangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake. Mtoto alilisikia, akageuka kumtazama kana kwamba ameitwa na mtu mwingine.

"Fungua."

Alifungua. Kogo hakumsaidia. Kidole cha kwanza kilitoka, kisha cha pili, vyote vikitetemeka, halafu vikafika katikati ya safari na kukwama, vimejikunja kama Mellen alivyosema vitakwama. Kogo aliiangalia ile nusu iliyobaki. Nusu ile ilikuwa yake yeye, aliifunika kwa shali mwenyewe. Ndani ya kiganja kulikuwa na jasho, uchafu wa mistarini, na kipande cha jani la mboga.

Kipngeno aliinama, akachungulia kiganja chake. Akakitikisa kidogo juu ya nyasi, kwa uangalifu, kama mtu anayetaka kuhakikisha.

"Hakuna mtu," akasema.

"Hakuna."

Basi Kogo Chepkemboi alilia. Siku ya mazishi hakulia vile, kwa sababu siku ya mazishi mimba ya Chemutai ilikuwa imekwisha kumpa matumaini. Alilia mpaka ng'ombe wakageuza vichwa, na mtoto akampapasa shavu kwa vidole vile vilivyokunjika, visivyojua bado vilichokuwa vikigusa.

Januari ilifika na ukungu wake. Mwalimu Valary alikuwa amekubali wajaribu muhula mmoja. Kaptura mpya ilikuwa na lastiki kiunoni, shauri la Mellen, lakini shati lilikuwa na vifungo, na Kipngeno alisema atavifunga mwenyewe. Alisimama mbele ya bibi yake kwa mazoea, kidevu juu. Kisha akakumbuka, akashusha kidevu ili aone.

Ilichukua muda mrefu. Uji ulipoa. Kifungo cha pili alikiingiza kwenye tundu la tatu, na kutoka hapo vyote vikaenda upande, kola ikapanda sikio moja na pindo likaning'inia kushoto. Kogo aliona tangu kosa la kwanza. Vidole vyake vilianza kusogea vyenyewe. Akavirudisha, akaviweka chini ya mapaja, akavikalia.

"Nimemaliza," Kipngeno akasema.

"Nimeona. Nenda, utachelewa."

Alitoka na shati lake limekaa upande, akipita kando ya michai, mguu wa kushoto ukiburuta kidogo kwenye umande. Kogo Chepkemboi hakuitoa mikono yake mpaka mtoto alipopita langoni na kushika barabara.